Mpapai Nyuma ya Nyumba ya Mama

Jumanne, 4 Machi

Nimepitia kwa Mama, mtaa wa Mowlem, kabla ya kazi, kama kawaida. Mpapai uko sawa. Majani safi, hakuna mabaka. Maua ya kwanza yameanguka yote. Mimi sina wasiwasi, maua ya kwanza huanguka. Mama ndiye mwenye wasiwasi. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akiutazama mti kama amtazamavyo mgeni aliyekuja bila kupiga simu.

Nikamweleza tena. Kuna mpapai dume, kuna jike, na kuna wenye jinsia zote mbili, ambao ndio soko linataka. Mkulima hupanda miche mitatu shimo moja, halafu anangoja miezi ndipo ajue upi wa kung'oa. Sisi wa maabara tunachukua kipande cha jani, tunasoma vinasaba vyake, tunajua mche ukiwa bado kitaluni. Huu una jinsia zote mbili. Na una jeni ya kustahimili virusi vinavyoua mipapai.

Akasema, "Lakini maua yake ni membamba, Atieno. Kama ya dume." Nikaenda kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Shamba la kituo chetu cha utafiti limekwisha. Virusi vimeingia mistari yote. Daktari, mkubwa wangu, ameamuru miti yote, hata inayostahimili, ing'olewe na kuchomwa. Si mtu mbaya, amechoka tu.

Maana yake ni hii: mti pekee uliobaki wenye jeni zote tulizozitafuta uko kwa mama yangu, kati ya ukuta wa ploti yao ya kupanga na kamba ya nguo. Ulikuwa mche wa ziada. Daktari mwenyewe aliniambia niuchukue. Ningeupanda wapi? Ninaishi Pipeline, ghorofa ya sita. Huko udongo ni ule unaoingia na viatu.

Ninaogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

Jumapili, 16 Machi

Maua mapya yamekuja, imara. Nimeyavisha mifuko ya karatasi ili chavua ya nje isiingie. Mbegu zikipatikana kwa njia hiyo, hazitatoa dume hata mmoja. Hicho ndicho ninachokitaka duniani kwa sasa. Tunda moja lenye mbegu.

Leo fellowship ya akina mama wa kanisa ilikuwa kwetu. Wakaiona mifuko. Mmoja akauliza kama ni uganga. Mwingine akasema ni GMO, watu wakila hawatazaa. Nikamwambia hakuna kitu cha kigeni kilichopachikwa kwenye jeni zake. Tulipaka chavua kwa brashi, mti kwa mti, halafu tukachagua kwa kusoma majani. Na hata kingepachikwa, angeuliza kwanza ni kitu gani. Akasema atatuombea. Nikamwambia auombee mvua.

Mama alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumatano, 19 Machi

Baba Shiro, keateka anayeangalia ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, alinisubiri getini.

"Madam, landlord amesema hiyo kitu itolewe before Saturday. Watu wanacomplain."

Nikauliza ni watu gani. "Mimi ni wa kutumwa tu," akasema, "sitaki stori mingi."

Pale palikuwa jaa la taka. Nilizoa chupa na nepi kwa mikono hii, hakuna aliyelalamika. Leo kuna mti, wote wamekumbuka afya ya umma. Siung'oi. Nimesema landlord aje mwenyewe na jembe, atanikuta hapo.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya usafi wa ploti. Nimekaa chini ya mpapai kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Jua kali. Baba Shiro alikuja na jembe, akanizunguka, akapalilia nyasi ambazo hazikuwapo.

"Si utachoka tu."

"Ngoja uone."

Wanawake waliokuwa wakianika nguo walipata sinema ya bure. Mmoja akasema kwa sauti msomi analinda papai dume. Wakacheka sana. Mama alikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nilisikia mwiko ukisimama.

Jioni Baba Shiro alirudisha jembe stoo. Nimeshinda! Ndani ya mfuko mmoja kuna tunda dogo, ukubwa wa kidole gumba.

Jumanne, 25 Machi

Mpapai umekatwa kichwa. Shina tu limebaki, linafika kiunoni.

Nilikimbia hadi mlangoni kwa Baba Shiro nikamtukana. Ploti nzima ilitoka. Mama akanivuta mkono. Ni yeye aliyeukata.

Kwao nyumbani, mpapai dume hukatwa kichwa ili ugeuke jike. Wengine huupigilia msumari. Nyanya alikuwa akifanya hivyo, na Mama anaapa mmoja ulizaa baadaye. Kwa hiyo aliomba, akachukua panga. Kabla ya kukata alivua mifuko yangu mmoja mmoja. Ameikunja vizuri na kuniwekea mezani, endapo nitaihitaji.

"Nilitaka wakome kukucheka," akasema.

Tunda lilikuwa kwenye ndoo ya maganda ya viazi.

Nilimwambia Mama maneno ambayo sitayaandika. Halafu ilibidi nimwombe Baba Shiro msamaha. Sijui lipi liliniuma zaidi. Hapana, najua. La kwanza.

Alhamisi, 27 Machi

Daktari amesema pole, tukubali imekwisha. Nikasema hapana. Akanitazama. Nikasema tena hapana.

Kukata hakubadilishi jinsia ya mti. Lakini shina likiwa hai litachipua pembeni, na kila chipukizi ni mti uleule, jeni kwa jeni. Shida ni mvua. Shina la mpapai lina uwazi ndani, maji yakiingia linaoza.

Saa ya chakula nikaenda Mowlem. Nikafunika shina kwa kopo la siagi. Lilikuwa likiteleza. Mama akatoka na kipande cha mpira wa baiskeli, akashika kopo, nikafunga.

Jumatatu, 28 Aprili

Upande mmoja umeoza. Upande wa pili machipukizi matatu. Nimeyakata kwa wembe safi, nikayapeleka kazini, nikayachovya kwenye dawa ya kuotesha mizizi. Daktari alinikuta nikitafuta nafasi. Akaondoa vitu vyake kwenye rafu yenye taa, akaenda zake.

Nimesoma jani la kila moja. Jeni zote ziko. Zote!

Shina nimeling'oa mwenyewe. Baba Shiro alipiga makofi. Nilimwacha apige.

Jumapili, 29 Juni

Baridi. Chipukizi moja lilikufa, mawili yameshika mizizi. Moja liko kazini. La pili nililileta kwa Mama wiki iliyopita kwenye kopo la rangi, nikamwambia aliweke ndani, karibu na dirisha.

Leo nimekuta amelipanda nje, palepale. Amelizungushia matofali. Baba Shiro alikuwa amesimama mbele ya mche, akaniuliza ni nani ameruhusu. Hata mimi nilikuwa nashangaa.

Mama akatoka, unga mikononi.

"Ni mimi nimepanda. Papai yangu. Landlord akiwa na maneno, aje aniambie mimi."

Akarudi kusonga ugali. Baba Shiro alinitazama kana kwamba nitamsaidia. Halafu akaenda getini.

Tulikula ugali, dagaa wa omena na mboga za sukuma. Baada ya kula Mama alitoka na jagi akaumwagilia mti. Nikamwambia maji ni mengi mno, mizizi bado michanga. Akasema mti ni wake.