Baba Amenitangaza Kanisani

Ijumaa, 5 Septemba
Mbaazi tangu asubuhi. Kupiga, kupepeta, vumbi puani. Meseji ikaingia kwenye simu ya Baba, maana niliomba chuo kwa namba yake. Mimi sina simu. Vyuo vyote viwili vimenichukua. Uuguzi. Vyote viwili! Nikaruka, ungo ukamwagika, Mama akanigombeza huku anacheka. Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla ya wiki ijayo kuisha, kwa namba ya siri iliyo kwenye meseji hiyo. Baba akarudisha simu mfukoni mwa koti.

Jumamosi, 6 Septemba
Chuo cha kanisa: wanafunzi wachache, mwalimu anakujua kwa jina, sala alfajiri, geti linafungwa saa kumi na mbili jioni. Wanafaulu sana. Siwezi kukisingizia. Cha serikali: watu kama mnadani, midahalo, kampeni za uchaguzi, kila mtu na ratiba yake. Nesi Mwanaidi wa zahanati yetu, mtu wa Tanga, alisoma hapo. Hakunificha. Kule usipoamka hakuna wa kukuamsha, na wapo waliorudi nyumbani kwa sababu hiyo.
Hapo ndipo aliponivuta. Miaka sita ya bweni nimeishi kwa kengele za masista. Nataka kujua kama naweza kuamka mwenyewe.

Jumapili, 7 Septemba
Wakati wa matangazo, baada ya tangazo la ndama aliyepotea, Baba kasimama. Kawaambia watu wote kwamba Restituta anakwenda chuo cha kanisa. Vigelegele. Hakuniuliza. Hata Mama hakujua. Nimetabasamu kama mjinga. Nina hasira.
Huku kwetu jambo likishatangazwa kanisani limekwisha. Kulirudisha ni kumvua mzee nguo mbele za watu.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimemwambia Baba nataka cha serikali. Nikaanza na shikamoo nyingine ingawa nilishamsalimia. Akajibu kwamba neno limeshatoka, akaenda machungani. Simu ikaenda naye.
Ningeweza kuichukua akiwa amelala. Sitaki. Sianzi chuo kwa kunyatia koti la baba yangu. Atanipa kwa mkono wake, akiwa macho.

Jumatano, 10 Septemba
Jumuiya imekuja kwetu kuniombea. Chai, viazi vitamu, wimbo. Mama Paskalina, mwenyekiti, akaanza kumshukuru Mungu kwa chuo cha kanisa. Nikasimama kabla ya amina.
Nikawaambia ninakwenda cha serikali, waniombee kwa hicho. Nikasema Baba hakudanganya. Alitangaza kabla mimi sijachagua.
Mtu akakohoa. Mzee Safari akauliza, "Sasa binti, huko kanisa halipo?"
"Lipo, babu. Ila hakuna wa kunisukuma. Nitakwenda mwenyewe."
Wakaniombea. Kwa sauti ya chini, lakini wakaniombea. Baba alikuwa anaangalia sakafu muda wote. Inaniuma. Sijutii.

Alhamisi, 11 Septemba
Hasemi nami. Hata maji ya kunawa anataka amwagiwe na Mama. Mama anasema nimemwaibisha. Ndiyo, nimemwaibisha. Na yeye alinigawa kama debe la mahindi. Nikimwomba msamaha nitaomba kwa sababu nilisimama mbele za watu, siyo kwa sababu nilichagua. Kuchagua ni kwangu. Nimeandika hivyo na sifuti.
Imebaki kesho na keshokutwa. Simu bado iko kwenye koti.

Ijumaa, 12 Septemba
Upepo wa mlimani, baridi. Baada ya chai Baba aliweka simu mezani mbele yangu. Nilidhani ataondoka. Akakaa. Ukurasa ulifunguka kwa shida. Nikabonyeza tarakimu moja moja, yeye anatazama vidole vyangu. Imekubali.
Nikamrudishia kwa mikono miwili. Akaishika bila kuitia mfukoni. Kisha akaniuliza huko mvua zinaanza mwezi gani.
Nikasema sijui.
Akasema nikamwulize Nesi Mwanaidi.