Cherehani Imeondoka kwa Sahihi Yangu

Mama Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mdogo anywe dawa saa nane. Nguo za wateja nimezikunja kitandani, bado zina pini, usijichome.

Pale dirishani utakuta patupu. Ulipotoka kununua vifungo, dalali wa mahakama alikuja na vijana wake kuchukua cherehani yako. Ni yuleyule aliyetaka kubeba jiko la mjane jirani yetu mwaka wa mafuriko, nikamtimua. Sijasahau. Nikasimama mlangoni nikapaza sauti: “Chombo cha kazi hakikamatwi! Sheria imekataza!” Majirani wakapiga makofi. Fundi viatu akasema, “Mpe somo, Wakili wa Kibarazani!”

Dalali hakubisha. Alifunua karatasi akauliza polepole, “Mzee, sahihi hii ya nani?”

Yangu. Sheria inakilinda chombo cha kazi, ila si kama mwenyewe umekiweka dhamana. Mwaka jana nilikopa pesa za kuchapisha vipeperushi vyangu vya sheria, nikaiweka cherehani dhamana bila kukuambia, na deni sijalipa. Risiti yake ya dukani ina jina langu, ingawa pesa ilikuwa yako. Wakaibeba, na mimi nikawapisha.

~~Waambie wateja imeharibika.~~ Hapana, waambie ukweli.

Napitia mlango wa nyuma, maana waliopiga makofi bado wako mbele. Nakwenda kuuliza itakombolewa vipi kabla haijapigwa mnada. Nikirudi nigombeze, hata mbele yao. Usininyamazie tu.

Mumeo