Malalamiko Yao Walikuletea Wewe

Gidioni ndugu yangu,

Sijui kama huko uliko habari za timu zinafika. Kama zinafika, basi unacheka, nakujua. Mimi huku sicheki sana. Tangu tulipokupakia kwenye gari la kwenda kwenu Singida nimeachiwa vijana wako, na kila nikipuliza filimbi wanageuka kwanza kutazama kule ulikokuwa unasimama wewe, nyuma ya goli la upande wa ghala. Hakuna mtu pale. Lakini wanatazama.

Nakuonea wivu, Gidi. Nilikuonea wivu ulipokuwa hai, na sasa umekufa, Mungu anisamehe, bado nakuonea.

Wivu ulianza na ule mchezo wa kompyuta. Wewe umeletwa Nachingwea kuwa bwana shamba, mimi nimefundisha hapa miaka na miaka, na kompyuta nilikuwa nazisikia tu redioni. Yako ndiyo ya kwanza kuigusa. Jumapili ukitoka kanisani, umeme ukiwepo, tunakaa mbele yake, kila mmoja na timu yake ya kuongoza. Hatupigi mpira wenyewe. Kazi yetu ni ukocha: kupanga kikosi, kupanga mazoezi, kungoja matokeo huku tumeuma vidole. Na kupokea malalamiko! Hilo ndilo lililonishangaza. Mchezaji ambaye hayupo duniani anakuandikia kwamba mazoezi ni mazito, amechoka, hana raha. Mimi nikamjibu wa kwangu kama ninavyowajibu wanafunzi wa darasa la saba: fanya kazi, acha kulialia. Kesho yake akaomba kuhama. Akafuata mwingine. Mshambuliaji wangu bora akagoma kabisa, nikashuka daraja.

Wa kwako je? Walikuwa wanakuletea malalamiko yaleyale, na ukishawajibu wanakushukuru. Wanakushukuru! Nilikuwa najisogeza kwenye kiti nisome vizuri, nikidhani Kiingereza changu kimekosea. Hata watu wasio na damu walikupenda wewe.

Nikakuuliza siri. Ukaniambia, "Mwalimu Issa, kazi ya mazoezi nimemwachia msaidizi wa humo kwenye mchezo. Yeye akaze, mimi nisikilize. Wakilia, nawapunguzia kidogo." Nikasema huo ni uvivu. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Huo ni mgawanyo wa kazi, bwana."

Basi tukaanzisha timu ya kweli, wewe kocha, mimi msaidizi wako. Ulisema mimi ndiye ninayeujua mpira na wewe unajua kuongea tu. Nikafurahi, nikaona nimepewa heshima. Halafu nikaona jinsi mambo yanavyokwenda. Vijana wakimaliza kupanda kile kilima cha mazoezi, ndimi zikiwa nje, wanakwenda kukaa kwako. Rashidi nahodha anakueleza habari za goti lake. Bakari kipa anakueleza habari za mkewe. Mimi nakusanya mipira. Nikiwakaribia wananyamaza, mmoja anasema "Shikamoo mwalimu," na wengine wanaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Niliona wivu hata kwa malalamiko yao. Nani anaona wivu kwa malalamiko? Lakini hakuna aliyewahi kuja kuniambia mimi kwamba amechoka.

Halafu ukarudi kutoka safari ya kazi Kilimarondo na ile homa. Ulisema ni jua la njiani. Siku ya tatu hukunitambua nilipokuletea uji. Naliandika hili haraka kwa sababu sipendi kukaa nalo.

Siku ya kukusafirisha walilia, Gidi. Sikuwahi kuona wanaume wa huku wanalia hivyo. Rashidi alishika mlango wa gari mpaka dereva akashuka kumbembeleza. Na mimi, rafiki yako, nimesimama palepale na machozi yangu, ndani ya moyo nikawa najiuliza: mimi nikifa, nani atashika mlango wa gari? Zainabu mke wangu akaniuliza usoni nina nini. Nikamwambia ni uchungu. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote.

Nikachukua timu. Ikaja kuwa msimu wa korosho, na wewe unaujua. Mtu ameinama shambani tangu alfajiri anaokota, jioni unamwambia apande kilima. Wakaanza kupungua. Leo watano hawapo, kesho saba. Waliokuja wakawa wananong'ona, na mimi masikio ninayo: "Kocha Gidi angetuelewa." Siku nyingine, "Enzi za Gidi haikuwa hivi." Enzi! Kama ulikuwa sultani. Nikazidisha mizunguko ya kilima, kwa hasira, si kwa mpira.

Tukaenda Ruangwa kucheza na timu ya Nandagala, tukafungwa matatu. Tukarudi kwa lori. Kesho yake jioni nikawapanga chini ya kilima, na Rashidi akakaa chini kwenye mchanga. Akakunja miguu, akakaa kama mtu aliyefika kwake.

Nikamwambia, "Rashidi, unadhani Gidi asingewapandisha kilima baada ya aibu ile?"

Akanitazama. "Mwalimu, Gidi hakukipenda hiki kilima. Hiki ni chako."

"Changu?"

"Alituambia. Kila tukimlilia anasema, 'Mimi ningekifuta leo hii, lakini Mwalimu Issa hataki kusikia. Ngojeni nikamwombe.' Halafu anarudi anasema, 'Nimembembeleza, amekubali mpunguziwe mizunguko miwili.'"

Gidi, hukuniomba hata siku moja. Na kilima ulikichagua wewe. Mimi ndiye niliyekwambia, pale barazani kwako, kwamba wale wanaotoka mashambani wapumzishwe, na wewe ukasema nawadekeza!

Nikalisema hilo mbele yao wote. Sikupanga kulisema, lilitoka. Halafu Bakari akacheka, akashika tumbo, akasema, "Alitupiga chenga! Marehemu alitupiga chenga sote!" Rashidi akacheka akiwa bado amekaa mchangani. Mimi nikacheka, halafu nikaona siyo kicheko tena, nikageuka nikajifanya natafuta filimbi iliyokuwa shingoni kwangu.

Nyumbani nilikuwa na hasira. Nilimweleza Zainabu kila kitu nikitegemea atanionea huruma. Akaendelea kupepeta mchele. Akasema, "Sasa hasira za nini? Mwenzio alikupa kazi ya kuchukiwa, ukaifanya vizuri." Nikamuuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa mchele.

Nikafikiri sana baada ya hapo. Njia yako ilikuwa rahisi kwangu pia. Kuna yule kijana mwalimu mpya anayetaka kuwa msaidizi wangu. Ningeweza kumbebesha kilima, mimi nikawa wa kubembeleza. Nakwambia kweli nilitamani. Nilitamani wanizunguke mimi kama walivyokuzunguka wewe. Lakini nikimtazama yule kijana anavyokimbilia mpira ukitoka nje, anavyotaka wamwone, nikashindwa kumfanyia hivyo.

Nikawaita vijana. Nikasema, kilima kuanzia leo ni changu kweli, mnilaumu mimi kwa haki. Anayetoka shambani siku hiyo apande nusu. Anayeumwa aseme. Na asimwambie mwenzake, aniambie mimi. Wakaitikia "Ndiyo mwalimu," ile ndiyo ya darasani, na hakuna aliyelalamika. Siku zikapita. Walipanda, walishuka, walikwenda zao. Nikajua nimeshindwa. Nikawaza kwamba kupendwa ni kama sauti nzuri, mtu anazaliwa nayo au hana.

Timu ya Nandagala walikuja kwetu kurudiana. Tukatoka sare, na sare ile tuliitolea jasho. Dakika za mwisho wao walikuwa wanatembea na sisi bado tunakimbia. Filimbi ilipolia, vijana wakakumbatiana, na nikawasikia: "Kwa ajili ya Gidi!" Wote, kwa sauti moja. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Niliiweka chini polepole ili nisiipige teke.

Halafu jana.

Jana asubuhi, Rashidi alikuja nyumbani kwangu. Hajawahi kuja. Zainabu akamkaribisha chai, akasema hapana mama, nina neno na mwalimu. Akakaa kwenye baraza, akavua kofia, akaanza. Kwamba goti limevimba tangu mechi. Kwamba mazoezi ya Jumanne hayana akili. Kwamba nikipuliza filimbi napuliza kama naita mbuzi. Kwamba baba yake kule Narung'ombe anamwita akasaidie shamba na yeye hajui amjibu nini. Alisema, akasema, akarudia aliyokwisha kuyasema, ananinyooshea kidole mimi mwalimu wake mbele ya nyumba yangu. Zainabu alichungulia mara mbili, akidhani tunagombana.

Sikumkatiza. Niliogopa nikifungua mdomo atanyamaza. Ndugu yangu, sijawahi kulaumiwa kwa raha namna ile. Alipomaliza nikamwambia goti lipumzike, Jumanne nitaibadilisha, kwa baba yake twende pamoja nikaongee naye. Kuhusu filimbi nikasema ndivyo ninavyopuliza. Akacheka, akainywa ile chai.

Wivu haujaisha. Usijidanganye. Wakilitaja jina lako uwanjani bado natafuta ndoo ya kupiga teke, na pengine nitaitafuta mpaka nitakapokufuata.

Lala salama, Gidi. Shule ikifungwa nitapanda basi, nitakwenda Singida kwa mama yako, nimpelekee korosho. Nitakaa naye nimweleze mwanawe alivyopendwa huku: mlango wa gari, machozi ya Rashidi, kelele za uwanjani, vyote. Itaniuma kusema. Lakini nakuahidi sitampunguzia hata kimoja.

Wako,
Issa