Kulhuwallahu Tatu kwa Kila Upande

Mama,

Shikamoo. Tulizoea kuamkiana kwanza ndipo tubishane, na sioni kwa nini niiache adabu hiyo kwa sababu tu hunijibu tena.

Nakuandikia kutoka jikoni kwako hapa Ibra. Chuma chako cha kuokea biskuti kiko mbele yangu, kile chenye mikono mirefu kama koleo la mhunzi, na maua yaliyochongwa ndani ya mabamba yake mawili. Kimepoa. Nimeshindwa, Mama, na wewe wajua neno hilo linavyonikwama kooni.

Tangu tukuzike, Baba hataki chakula. Dada Zuwena humpelekea sahani imejaa na huirudisha imejaa, naye Baba hushukuru kwa upole kama mgeni. Kanzu zake zinamning'inia. Juzi, Idi ikiwa inakaribia, aliniita akasema jambo moja tu: "Mwanangu, nipatieni aizeni za mama yenu."

Aizeni. Nilipokuja na shahada yangu ya kemia kutoka Kairo, hoja yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa juu ya neno hilo. Nilikueleza kwamba nimelitafuta kwenye kamusi ya Kijerumani, kwamba yule bibi wa Kijerumani aliyekuwa jirani yenu Lushoto, karibu na duka la Babu, alikuwa akikitaja chuma chenyewe na si biskuti. Kwamba kwa hivyo wewe, uliposema "chuma cha aizeni", ulikuwa ukisema chuma cha chuma. Hukuinua hata kichwa. "Basi ndiyo maana hakivunjiki," ukasema. Bibi yule alikuachia chuma hicho vita vilipomwondosha. Wewe ukakibeba hadi Unguja ulipoolewa, na kutoka Unguja hadi huku ng'ambo ya bahari, katika safari ya kuyakimbia mapinduzi, ambayo watu waliacha hata vitanda vyao.

Unga hautushindi. Zuwena anajua mayai, sukari na siagi, na anajua kuiponda yansuni kwenye kinu mpaka harufu yake ifike mlangoni. Kinachotushinda ni moto. Hukutumia saa maishani mwako. Bibi wa Kijerumani alikufundisha kupima kwa sala yake. Wewe, msichana wa Kiislamu, ukamsikiliza kwa heshima, kisha mahali pa sala yake ukaweka sura ya Kulhuwallahu, mara tatu kwa upande mmoja, ukakigeuza chuma, na tatu kwa upande wa pili. Nikakuletea saa ya mkono yenye mshale wa sekunde. Nikakuhutubia kwamba moto haujui sura. "Haujui," ukanijibu, "lakini mimi naijua. Kaa kitako ule."

Tangu asubuhi nimesoma Kulhuwallahu juu ya makaa. Nilizisoma kama ninavyosoma siku zote, aizeni zikatoka nyeupe na laini kama kitambaa kilicholoa. Nikazisoma polepole, kwa tajwidi kamili, kila herufi na haki yake, zikaungua. Ndipo nikatambua kilichopotea. Hesabu ninayo. Mwendo wa sauti yako sinao. Sauti niliyoisikia kabla sijajua kwamba kuna kitu kiitwacho sauti! Niliegemeza kichwa ukutani nikaitafuta, nikaisikia yangu tu, yangu tu, ile ile inayojua kujibu kila mtu.

Kisha nikakumbuka Idi iliyopita. Ulipofika "Allahus-samad" ulitua, ukavuta pumzi, ndipo ukaendelea. Kila mara, pale pale. Aizeni zikatoka nyeusi pembeni. Zuwena akakutania, akauliza, "Mama, hizi ni za kula au za kuwashia bakhuri?" Ukasema mkaa wa nchi hii mkali. Tukacheka, tukala.

Basi nikasoma hivyo, na kituo kile. Na zikatoka, Mama! Maua yamekoza, pembe zimeungua kidogo, harufu ni ile. Nilikimbia na sahani kama mtoto wa chuo cha Qurani. Baba alichukua moja, akaivunja, akainusa kwa muda mrefu.

"Hii ni ya mwaka jana," akasema. "Mimi nilitaka zile za kabla."

Akaifunga kwenye leso yake, akageukia ukuta. Hakula.

Nami nilisimama pale na sahani mkononi nikaelewa. Kile hakikuwa kituo cha tajwidi wala cha unyenyekevu. Ulikuwa huna pumzi. Daktari alitwambia baadaye kwamba moyo wako ulikuwa umechoka muda mrefu. Aizeni zilikuwa zimekwisha kutwambia, tukazila.

Sasa nilichobaki nacho ni pumzi yako ya ugonjwa, hiyo naijua kwa moyo. Ile ya uzima, ya Unguja, ya utotoni mwangu, siipati. Nimesoma vitabu vingi, Mama, na hakuna hata kimoja kinachosema mama alikuwa akipumua wapi. Ulikuwa ukivuta pumzi mwisho wa kila sura? Au ulizisoma zote tatu kwa pumzi moja, ukiwa umeinama na uso umeng'aa kwa moto? Niambie. Njoo hata ndotoni unibishie. Nitanyamaza, naapa, nitanyamaza.

Wanavyuoni wanasema Kulhuwallahu tatu ni sawa na kuisoma Qurani yote. Kwa hoja hiyo, kila aizeni niliyoiharibu leo ni khitma mbili, na zote nimezinuia kwako. Sijui kama kubahatisha jikoni kunahesabika. Hilo nitabishana na shekhe wakati wake.

Pumzika, mama yangu. Nakuahidi sitokiacha chuma hiki kishike kutu, wala sitomwachia Baba ukuta. Kesho nitawasha mkaa tena na kuzisoma zote tatu kwa pumzi moja. Nikipatia, Baba atakula. Nikikosea, utakuwa umesomewa.

Mwanao.