Bomba la Tatu la Bafuni

Bushira, uko? Niapie kwanza kwamba hutacheka.

Si nilikuambia huyu fundi Okwir ananichezea? Leo ni bomba la tatu! La tatu, na maji bado yanatoka kama machozi ya mtu anayejilazimisha kulia.

Asubuhi nikamfuata mpaka duka la vifaa pale Ntinda, nione kwa macho yangu anachochagua. Wallahi, kila bomba alilifungua, akaweka mdomo, akapuliza! Eti, "Madamu, presha ya kwenu ni ndogo. Bomba likipitisha hewa bila kubana, na maji litapitisha." Nikajua tu, huyu ni tapeli.

Tukarudi, akaliweka. Tone, tone. Nikampandishia sauti pale uani, majirani wote wanasikia. Nikamwita mwizi. Mwizi, Bushira!

Mama mkwe akatoka na mswala mkononi, ametulia kabisa. "Mwache mtoto wa watu. Valvu ya tangi naifunga mimi, nusu."

Ati nini?

"Ukitawadha unamwaga maji kama unaosha ng'ombe. Mtume alikataza israfu hata mtoni."

Kumbe anaifunga tangu Ramadhani! Ananitazama nikibadilisha bomba baada ya bomba, na amenyamaza!

Okwir akaokota tu bomba la kwanza, akalipuliza mbele yangu. Hewa ikapita vizuri.

Sasa nakuuliza wewe. Mama mkwe wako si huswali na wangu kila Ijumaa? Na bomba lako la jikoni lilianza lini kutoa maji kidogo kidogo?