Bunduki Yangu Imerudi

Auburn, Sydney

Shemeji yangu Mize wa Tanga,

Sisi wazima. Dada yako kanenepa, usimwambie nimesema. Magoti yangu yametulia tangu daktari aniandikie mafuta ya bangi. Usishtuke, serikali imeruhusu.

Sasa sikia. Mwenzangu mmoja wa kuwinda sungura, Oloo, alinichongea polisi: "Yule mzee hunong'ona peke yake kabla ya kufyatua. Bangi imempanda." Wakachukua bunduki na leseni. Wiki sita sikupata usingizi; dada yako nilimwambia ni mbu.

Juzi nikaitwa. Nikampa mama wa polisi barua ya daktari, kwamba siku ya kuwinda sigusi mafuta.

"Na kunong'ona je?"

"Nasoma bismillahi, mama. Bila hiyo sungura haliki."

"Na ukimkosa, unasema nini?"

"Hayo hayasemwi mbele ya polisi."

Akacheka mpaka akavua miwani, akanirudishia vyote. Jumamosi nikapiga sungura watatu, nikamwalika Oloo aje ale mchuzi wa nazi. Alipoinua kijiko nikamzuia: "Ngoja kwanza, tunong'one."

Shemeji yako asiyezeeka,
Hemed