Baba, Tumewatoa Nje ya Ofisi

Baba,

Pensheni yako bado haijatoka. Naanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama ng'ombe amezaa.

Tangu tukuzike, Kitengela imejaa nyumba. Ukisimama mlangoni huoni tena punda milia. Lakini mimi bado naona ile ofisi ya Kajiado. Ulichonga barabara za serikali na greda mpaka masikio yakaziba, halafu ukastaafu, wakataka upande ngazi zao kila mara waone kama uko hai. Siku ya mwisho nilikushika mkono. Karani akaangalia miguu yako imevimba, akasema, "Mzee, rudi wiki ijayo." Ukamjibu, "Asante, mwanangu."

Asante, Baba! Wiki ijayo ulikuwa mochari.

Sikunyamaza. Koko Nalepo, yule nyanya Mmaasai wa ploti ya jirani uliyekuwa ukinywa naye chai, naye alikuwa anazungushwa hivyo hivyo. Mumewe alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali, na haki ya mjane hakuwa ameiona. Nikamwambia twende. Akasema hatuendi wawili. Alipita nyumba kwa nyumba akiita wazee, mkwewe akatupatia lori yake ya mbuzi, tukaingia Kajiado wazee wamekaa juu ya magodoro, wakiimba nyimbo za kanisa.

Hatukupanda ngazi. Tulikaa chini mbele ya mlango, nikampazia sauti karani kule juu: "Hawa wako hai. Shuka uwaone."

Mkubwa wao akatoka. Alisema wazee siku hizi ni wengi, wanaishi sana, serikali haikupanga hivyo. Eti watoto wao wawatunze. Watoto gani, Baba? Wa Koko, mmoja tulimzika, mwingine amefutwa kazi Nairobi, yeye mwenyewe anaomba unga. Koko akagonga fimbo chini: "Hata mimi sikupanga kuzeeka. Lakini nimezeeka. Sasa?"

Watu wa barabarani wakacheka. Yule mkubwa hakucheka. Alisimama pale jua likimchoma, akatuangalia, akaona hatuendi mahali. Mwishowe akaagiza meza itolewe nje.

Waliandikisha kila mzee palepale. Sasa karani anakuja kanisani kwetu kila mwezi, na Koko ameanza kupata chake. Kwako wanasema mambo ya marehemu yana utaratibu wake. Nimewaambia sawa, lakini mimi si marehemu, na nitakuwa nikija.

Jana wazee wa Bisil walituma neno, wanataka tukakae nao mbele ya ofisi yao. Nimekubali. Kuna siku nakukosa mpaka nashindwa kupika, nakaa tu jikoni... halafu naamka, nafunga leso, natoka.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitawasumbua mpaka wakome kutuona kama mzigo. Na siku yangu ya kuzeeka ikifika, sitabembeleza mtu.

Binti yako,
Mueni